Manowari za Makombora Aina ya Destroya: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Lubumbashi

Kwa miaka mingi nimefundisha fizikia katika shule ya sekondari huko Katuba, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa mwaka 2023, habari za Bahari ya Shamu zilipoanza kusikika redioni kila jioni, hakuna wiki inayopita bila mmoja wao, au mzazi wake, kuniuliza juu ya meli zinazoyatungua makombora angani. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi. Mifano mingi nimeichukua kutoka aina ya Arleigh Burke ya Marekani, kwa sababu zimejengwa zaidi ya 70 na sifa zake za msingi zimetangazwa hadharani.

Destroya ni meli ya namna gani, na jina hilo limetoka wapi?

Mwishoni mwa karne ya 19, mataifa yenye manowari kubwa yaligundua jambo la kutisha: mashua ndogo yenye mbio, ikibeba torpido (bomu linalojiendesha majini) moja au mbili, iliweza kuzamisha meli iliyogharimu mali nyingi na miaka mingi ya kazi. Ikabidi ijengwe meli ya tatu, yenye mbio kama mashua hiyo lakini yenye mizinga ya kutosha kuiangamiza kabla haijakaribia. Uingereza iliishusha majini HMS Havock mwaka 1893 kwa kazi hiyo. Waliosoma kwa Kifaransa watalitambua jina la zamani, contre-torpilleur, ambalo linaeleza maana yake waziwazi kuliko jina la sasa.

Torpido haikubaki kuwa tishio pekee. Baadaye zilikuja nyambizi, kisha ndege, na tarehe 21 Oktoba 1967 destroya ya Israeli iliyoitwa Eilat ilizamishwa karibu na Port Said kwa makombora yaliyorushwa na mashua za Misri, na mabaharia 47 wakafa. Tangu siku hiyo hakuna jeshi la majini lililoweza kujenga manowari kubwa bila kujiuliza itafanya nini kombora likija. Destroya ya leo ndiyo jibu la swali hilo: ni mlinzi anayefuatana na meli za kubebea ndege na misafara ya meli za biashara, huku yeye mwenyewe akiwa na uwezo wa kushambulia mbali nchi kavu.

Ina ukubwa gani?

Arleigh Burke za matoleo ya karibuni zina urefu wa takriban mita 155 na upana wa mita 20, yaani uwanja wa mpira mmoja na nusu ukipangwa kwa urefu. Uzito wake ni kati ya tani 8,300 na 9,700 kutegemea toleo, na mabaharia ni zaidi kidogo ya 300. Ya kwanza iliingia kazini tarehe 4 Julai 1991.

Kwa nini kila anayezieleza meli hizi huzungumzia sekunde?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko katika umbo la dunia, na hesabu yake tunaifanya ubaoni.

Mawimbi ya rada, kama nuru, husafiri karibu katika mstari ulionyooka, lakini uso wa bahari umepinda. Kombora linaloruka mita chache juu ya maji hubaki limefichwa nyuma ya mpindo huo mpaka limekaribia sana. Ili kupata umbali ambao rada inaweza kuliona, kwa kilomita, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha rada kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha kombora, kisha zidisha jumla hiyo kwa 4.12. Rada iliyo mita 15 juu ya maji, na kombora linaloruka kwenye mita 5, zinatupa takriban kilomita 25. Kombora la mwendo wa mita 300 kwa sekunde, ambao bado uko chini ya mwendo wa sauti, linaukata umbali huo kwa sekunde 84. Lenye mwendo mara mbili ya sauti linaukata kwa sekunde zisizofika 40.

Katika sekunde hizo inabidi rada ilione kombora, kompyuta ihakikishe kwamba si ndege wa baharini wala povu la wimbi, mtu au mtambo uamue, kombora la kujibu litoke, liruke, likutane na lile linalokuja, na kama limekosa, la pili litumwe. Wanafunzi huniuliza kwa nini rada isipandishwe juu zaidi. Inawezekana, na Waingereza wamefanya hivyo katika destroya zao za Type 45, ambazo rada yake imekaa juu ya mlingoti mrefu. Lakini tazama hesabu inavyokuwa bahili: ukikipandisha kimo kutoka mita 15 hadi 30, umbali unafika kilomita 32 tu, na umenunua sekunde 22. Tena uzito ukiwekwa juu sana meli huyumba. Karibu kila kitu kingine katika manowari hii, tangu umbo la rada mpaka namna makombora yanavyohifadhiwa, kimewekwa ili zisipotee sekunde.

Rada yake inatofautianaje na ile inayozunguka tunayoiona kwenye viwanja vya ndege?

Rada inayozunguka huangalia upande mmoja kwa wakati mmoja, na inapougeuzia kisogo upande mwingine, huko inakuwa kipofu kwa sekunde kadhaa. Rada ya Arleigh Burke, iitwayo SPY-1D, haizunguki. Ni mabamba manne yenye pembe nane yaliyokazwa kwenye kuta za jengo la sitaha, kila moja likitazama robo ya upeo, na kila bamba lina vipande zaidi ya 4,000 vya kurusha mawimbi. Mawimbi ya kipande kimoja yakicheleweshwa kidogo sana kuliko ya jirani yake, mwale mzima huelekea upande mwingine bila chuma chochote kusogea. Kwa hiyo mwale unaweza kutoka kaskazini kwenda juu angani na kurudi, mara nyingi katika sekunde moja, ukifuatilia zaidi ya vitu mia moja bila kuacha kutafuta vipya.

Rada hiyo ni jicho tu. Ubongo ni mfumo uitwao Aegis, jina la ngao ya Zeus katika hadithi za Wagiriki, ambao uliingia kazini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 katika meli ya USS Ticonderoga. Kazi yake ni kuunganisha rada, sona (mtambo wa kusikiliza chini ya maji), makombora na mizinga katika picha moja, kupanga ni tishio lipi la kushughulikiwa kwanza, na kupendekeza silaha. Toleo jipya, ambalo meli yake ya kwanza, USS Jack H. Lucas, ilianza kazi tarehe 7 Oktoba 2023, lina rada ya SPY-6, ambayo kila uso wake umejengwa kwa masanduku 37 yanayofanana, kila moja likiwa na upana wa sentimita 60 hivi. Sanduku moja likiharibika rada haizimiki, na mafundi hulibadilisha peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza mashine kiwandani atauthamini mpango huo.

Makombora yanawekwa wapi? Katika picha sioni kitu.

Yako chini ya sitaha. Ukiangalia omo (mbele) na tezi (nyuma) ya meli utaona vifuniko vya mraba vilivyopangwa kama vigae. Chini ya kila kifuniko kuna seli, yaani shimo la wima lenye kasha, na ndani ya kasha kombora limesimama tayari. Matoleo ya kwanza yalikuwa na seli 90, na yaliyofuata yana 96, yaani 32 mbele na 64 nyuma. Manowari za zamani zilikuwa na mkono wa chuma uliochukua kombora ghalani, ukalipandisha na kulielekeza kabla ya kulirusha, na mkono ukikwama, meli ilibaki bila ulinzi. Seli za wima ziliondoa udhaifu huo: kila kombora lina mlango wake, hakuna cha kuelekezwa, na linaweza kugeukia upande wowote likishatoka.

Seli hazikuumbwa kwa aina moja ya kombora. Yumo Standard wa kutungua ndege na makombora, yumo Tomahawk wa kupiga nchi kavu, ambaye hufika takriban kilomita 1,600, karibu sawa na safari ya ndege kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, na wamo wadogo wa ulinzi wa karibu wanaokaa wanne katika seli moja. Kamanda hawezi kuwa na vyote kwa wingi. Kila Tomahawk aliyepakiwa amechukua nafasi ya mlinzi mmoja wa angani, na uamuzi huo hufanywa bandarini, kabla haijajulikana safari italeta nini.

Kombora likishatoka, linajuaje liendako?

Inategemea aina. Yale ya zamani zaidi katika familia ya Standard hayabebi rada kamili. Meli huyapa maelekezo njiani kwa redio, na karibu na mwisho inamulika adui kwa antena maalumu, nalo kombora hufuata mwangwi, kama mwindaji wa usiku anayefuata mng'ao wa macho ya mnyama katika mwanga wa tochi ya mwenzake. Arleigh Burke ina antena tatu tu za kumulika, lakini kwa kuwa kila kombora linahitaji mwanga huo katika sekunde za mwisho peke yake, kompyuta hupanga zamu na makombora mengi huwa angani pamoja. Kombora jipya zaidi, SM-6, lina rada yake puani, kwa hiyo linaweza kumfuata adui aliye nyuma ya mpindo wa dunia, akionwa na ndege au meli nyingine. Lingine, SM-3, hupaa nje ya angahewa na kuliharibu kombora la balestiki, yaani lile linalorushwa juu sana kisha likaanguka, kwa kuligonga tu, bila baruti. Mwezi Februari 2008 meli ya USS Lake Erie ilitumia kombora la aina hiyo kuivunja satelaiti iliyokuwa imeharibika.

Na kombora la adui likipenya?

Ulinzi umepangwa kwa tabaka. Makombora ya mbali yakikosa, yanafuata ya karibu. Wakati huohuo meli hutuma mawimbi ya kulichanganya kombora na kurusha vitu vya kulihadaa, vikiwemo vipande vyembamba vinavyorudisha mwangwi mkubwa kuliko wa meli. Mzinga wa milimita 127 ulio mbele nao husaidia. Wa mwisho ni Phalanx, bunduki ya mitutu sita ya milimita 20 yenye rada yake yenyewe, inayomwaga risasi kwa maelfu kwa dakika. Mwezi Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, USS Gravely ilitumia Phalanx kulitungua kombora lililokuwa limebakiza takriban kilomita moja na nusu kuifikia. Kwa mwendo tulioukokotoa hapo juu, hizo ni kama sekunde tano.

Inawezaje kupambana na nyambizi isiyoonekana?

Kwa kusikiliza. Chini ya omo kuna uvimbe mkubwa wenye sona, na nyingi huvuta nyuma yao kamba ndefu ya vipaza sauti ili kuvitenga na kelele za meli yenyewe. Matoleo ya baadaye yana banda la helikopta mbili, na helikopta ndiyo silaha halisi hapa, kwa maana inaweza kwenda mbali, ikateremsha vifaa vya kusikilizia majini na kudondosha torpido juu ya nyambizi kabla nyambizi haijaisogelea meli.

Injini yake ni ya namna gani, na je, kuna chochote cha Katanga ndani yake?

Swali la pili huulizwa kwa shauku kuliko la kwanza, nami naona ni haki liulizwe katika mji ulioota kuzunguka tanuri la shaba.

Arleigh Burke inasukumwa na turbini nne za gesi aina ya LM2500, ambazo asili yake ni injini za ndege. Kwa pamoja zinatoa takriban nguvu za farasi 100,000 na kuipeleka meli zaidi ya maili 30 za baharini kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 55. Turbini ya gesi haiwezi kuzungushwa kinyumenyume, kwa hiyo ili meli irudi nyuma, mabapa ya rafadha hugeuzwa pembe huku mhimili ukiendelea kuzunguka upande uleule.

Mabapa yaliyo ndani ya turbini hukaa katika gesi yenye joto ambalo lingekilegeza chuma cha kawaida, huku yakivutwa nje kwa nguvu kubwa ya mzunguko. Yanatengenezwa kwa aloi za nikeli ambazo kobalti ni sehemu yake muhimu. Nchi yetu ndiyo inayochimba kobalti nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na karibu yote inatoka katika ukanda huu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Shaba nayo imo kila mahali: katika nyaya, na katika mabomba ya maji ya chumvi, ambayo katika manowari kwa kawaida huwa ya aloi ya shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10, kwa sababu hailiwi haraka na chumvi na konokono wa baharini hawapendi kuishikilia. Rafadha pia ni ya shaba iliyochanganywa na aluminiamu na nikeli. Siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba bapa fulani limetoka katika mgodi fulani, kwa kuwa madini yakishavuka mpaka wa Kasumbalesa huyeyushwa na kuchanganywa mara nyingi. Ninachomwambia ni kwamba sifa za metali anazoziona zikipita juu ya malori ndizo zinazoiwezesha mashine hiyo kufanya kazi, na kwamba waliozigundua sifa hizo walianza kwa masomo haya haya ya fizikia na kemia.

Kwa nini kuta zake zimeinama, na inaweza kustahimili pigo?

Ukuta uliosimama wima hurudisha wimbi la rada moja kwa moja kule lilikotoka, lakini ulioinama hulitupa pembeni. Meli haifichiki kabisa, ila katika rada ya adui inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuhusu pigo, somo lililotangulia lilikuwa la moto. Mwaka 1975 USS Belknap iligongana na meli ya kubebea ndege, na majengo yake ya aluminiamu yakaharibiwa vibaya na moto. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, destroya ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na kombora moja la Exocet. Watu 20 wakafa, moto ukaenea, na meli ikazama siku sita baadaye ilipokuwa ikivutwa. Arleigh Burke ilijengwa karibu yote kwa chuma badala ya aluminiamu, vyumba vyake vimetengwa kwa milango isiyopitisha maji, na chumba cha kuongozea vita kimewekwa ndani ya meli badala ya juu. Tarehe 12 Oktoba 2000, katika bandari ya Aden, mashua ndogo iliyojaa baruti ililipuka ubavuni mwa USS Cole, ikaua mabaharia 17 na kuacha tundu la takriban mita 12. Wenzao walipambana na maji kwa siku kadhaa, meli haikuzama, na baada ya matengenezo ilirudi kazini. Rada inayoona mamia ya kilomita haikusaidia chochote siku ile, kwa sababu mashua ile ilikuja polepole, mchana, kama mojawapo ya mashua za bandari.

Je, kompyuta ndiyo inayopigana, au ni watu?

Mfumo unaweza kuwekwa ujiendeshe wenyewe hatari inapokuwa kubwa, lakini kwa kawaida mtu ndiye anayeruhusu. Tarehe 3 Julai 1988 USS Vincennes, meli yenye Aegis, iliitungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, na watu 290 wote wakafa. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba ndege ilikuwa ikipaa. Watu waliokuwa katika chumba cha vita, wakiwa katika mapambano na mashua, waliamini kwamba inashuka kuwashambulia. Mashine ilikuwa sahihi, na sekunde zilikuwa chache mno kwa watu wenye hofu kuisoma vizuri. Mwanafunzi asijifunze juu ya meli hizi bila kuwakumbuka wale 290.

Mwaka 2017 destroya mbili, USS Fitzgerald na USS John S. McCain, ziligongana na meli za biashara kwa nyakati tofauti, na mabaharia 17 kwa jumla wakapoteza maisha. Uchunguzi ulitaja mafunzo hafifu, uchovu na makosa ya walinzi wa zamu.

Inabeba silaha za nyuklia?

Hapana. Marekani iliamua kuziondoa katika meli zake za juu ya maji mwaka 1991. Injini zake pia hutumia mafuta.

Nchi nyingine zina meli kama hizi?

Zipo. Type 055 ya China, iliyoanza kazi mwaka 2020, ina seli 112 na urefu wa takriban mita 180. Sejong the Great ya Korea Kusini ina 128. Japani ina zake zenye Aegis, na Ufaransa na Italia zilishirikiana kuunda aina ya Horizon. Type 45 za Uingereza ziko sita, zenye seli 48 kila moja. Ziliwahi kuzimikiwa na umeme katika bahari zenye joto, ikabidi mfumo wake wa nishati uanze kufanyiwa marekebisho makubwa.

Meli kama hii inaweza kufika katika maziwa yetu?

Haiwezi. Chini inafika zaidi ya mita 9 ndani ya maji, na hakuna mto unaounganisha bahari na Tanganyika au Kivu kwa chombo cha namna hiyo. Lakini Katanga iliwahi kupitisha manowari. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za mita 12 hivi, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli kupitia Elisabethville, yaani mji wetu huu, hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa na mashine za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, zikapanda tena reli mpaka Bukama, zikashuka Lualaba, na hatimaye zikafika Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na mwezi Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Makombora yote yakiisha, meli hufanya nini?

Huondoka. Hili huwashangaza wengi, lakini seli za wima, pamoja na uzuri wake wote, haziwezi kujazwa kwa urahisi baharini: kasha lenye urefu wa mita kadhaa linapaswa kushushwa wima ndani ya tundu jembamba, na wimbi dogo tu linatosha kuligonga. Kwa hiyo destroya hurudi bandarini penye winchi, safari inayoweza kuchukua siku nyingi kwenda na kurudi. USS Carney ilipoanza kutungua makombora na droni zilizotoka Yemen tarehe 19 Oktoba 2023, kila kombora lililotoka, ambalo bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola, lilikuwa pia seli moja tupu mpaka bandari. Mwezi Oktoba 2024, karibu na pwani ya California, Wamarekani walijaribu kifaa cha kujazia seli huku meli ikiwa njiani, wakitumia USS Chosin. Kasha waliloteremsha siku hiyo halikuwa na kombora ndani.